Shazia

Mchungaji Nyagawa aliliandika kwa chaki,
silabi tatu za Kiyunani: semnotes,
akapangusa vidole kwenye suruali, akauliza,
Kwetu hili ni nini?
Mmoja akasema heshima. Mwingine, uzito.
Wa nyuma, aliyekuwa anasinzia, akasema ukali.
Biblia yetu inasema ustahivu, akajibu mwalimu,
na ukilichimba hadi shinani utakuta kucha.
Kengele ya chakula ikalia.
Tukaenda kwenye maharage na neno bichi mdomoni.

Mimi nilidhani nimeelewa.
Nikanunua mtumbani koti jeusi la mtu mnene,
nikajifunza mbele ya kioo cha dirisha la bweni
kukunja uso, kutembea polepole,
kukohoa kidogo kabla ya kusema.
Wenzangu wakaniita Askofu.
Nilipenda.

Likizo ya Juni nikapanda Isyonje,
baridi imekalia matuta ya viazi kama deni.
Mama hakuliona koti.
Ugonile, alisema, akanipa jembe.

Mama yangu ni Tusekile, jina lenyewe kicheko,
na hucheka mpaka kitambaa kinamdondoka,
hata kanisani, hata na ushemasi wake,
hata siku Mzee Asajile alipokoroma
katikati ya sala yake mwenyewe.

Siku ile lori likaja, na dalali Lwitiko
akipima shamba zima kwa jicho moja.
Jaza, mama. Pandisha lumbesa, kama wenzako.
Wenzake walikuwa wameshapandisha:
magunia yamesimama kando ya barabara yameota shingo,
debe mbili za bure juu ya kila moja,
majani yamesokotwa, kamba zimepitishwa,
kila gunia na kilemba chake cha ukoka.

Mama akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Akachomoa shazia kwenye kitambaa cha kichwa,
akashona gunia pale pale mdomo wake ulipoishia.
Gunia ni gunia, baba.
Hakupaza sauti. Hakunukuu mstari.
Lwitiko akacheka, akamwita jiwe.
Mama naye akacheka; labda aliona ni kweli.
Lori likaondoka, taa zake zikamezwa na ukungu,
na magunia yetu kumi na moja yakabaki
yamejipanga, bapa juu, kama watu waliovua kofia.

Sitaki kusema ilikuwa vizuri.
Wiki ya pili viazi vilianza kuwa kijani, vikatoa macho.
Ada yangu ilikuwa humo ndani.
Usiku nilimchukia kidogo,
nimejifunika koti langu.

Kulipokucha nikamkuta jikoni.
Iko kucha ya jua, iko kucha ya Mungu,
na ziko kucha za vidole;
za mama zilikuwa na udongo mweusi
ambao sabuni ilikwisha kuuachia.
Niliziona zote kwa mara moja, mlangoni, nimesimama,
yeye akikoroga uji
na kuutukana moshi.

Novemba, mtihani. Swali la nne:
Eleza maana ya semnotes. Alama kumi.
Nikaandika shina, nikaandika Timotheo, nikaandika Tito,
wazee, mashemasi, mwenye kuisimamia nyumba yake vema.
Nikabakiwa na nusu ukurasa.
Nikaandika: ni gunia lisilovikwa kilemba.
Nikafuta.
Nikaandika tena.

Mchungaji Nyagawa alinipa saba.
Pembeni mwa mstari ule, kwa wino mwekundu,
aliweka alama ya kuuliza, ndogo,
imepinda kama shazia iliyotumika sana.
Sijaijibu.

Ada tulilipa kwa mkopo wa kikoba; tunaulipa bado.
Na koti, mama alilitwaa bila kuuliza.
Limefunika viazi vya mbegu darini,
mikono yake miwili imetandazwa,
lina joto, nasikia, kuliko gunia.